Matangazo ya biashara kwenye chaneli za michezo ya vyuo Marekani: nani analipa, nani analipwa, na vijana wetu wanabaki na nini

Mbuyuni_Ohio (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila Hasheem Thabeet, mchezaji wetu wa kikapu, anapotajwa humu, lazima mtu aulize: kabla ya NBA, kule UConn, chuo kikuu cha Connecticut, alikuwa analipwa kiasi gani? Jibu ni ada, chumba, chakula na vitabu. Basi. Na huyu ni mtu aliyechaguliwa mlinzi bora wa konferensi (kundi la vyuo vinavyoshindana pamoja) ya Big East mara mbili mfululizo, 2008 na 2009, na mwaka huo wa pili akagawana na mchezaji wa chuo kingine tuzo ya mchezaji bora wa konferensi nzima. Tarehe 12 Machi 2009, UConn na Syracuse walikutana Madison Square Garden wakaenda mpaka muda wa nyongeza wa sita. Mechi ilichukua saa 3 na dakika 46, chaneli ya michezo ya ESPN ikabaki hewani mpaka saa saba usiku, na kila mpira uliposimama kwa ajili ya televisheni, kuna kampuni ilikuwa imelipia dakika zile. Kijana wetu wa Dar alikuwa katikati ya picha hiyo, na kwa sheria za wakati ule asingeruhusiwa kupokea hata senti ya tangazo la duka la viatu.

Hilo ndilo linalonifanya niandike. Naishi Columbus, Ohio, mji ambao siku ya mechi ya Ohio State hupati fundi wala kinyozi. Hizi chaneli nazitazama sana, na nimejizoeza kuzitazama kwa kufuata matangazo yake, maana ukilifuata tangazo unafika haraka mahali pesa ilipo.

Nianze uwanjani. Ohio Stadium inaingiza watu zaidi ya laki moja. Timu imefunga, mashabiki wamesimama, bendi inapiga, halafu ghafla hakuna kinachoendelea. Wachezaji wanarukaruka pale walipo ili misuli isipoe. Ndani kidogo ya mstari amesimama mtu mwenye kofia nyekundu. Si mwamuzi, wala si mtu wa timu. Yupo pale kwa niaba ya televisheni, ana kifaa sikioni kinachomuunganisha na gari la kurushia matangazo lililoegeshwa nje. Siku hizi jirani yake kuna mwenzake ameshika kibao chenye namba zinazohesabu kushuka: 2:10, 2:09, 2:08. Mwamuzi mkuu anawatazama wao. Yule bwana asipotoka uwanjani, mpira hauchezwi. Watu laki moja walionunua tiketi wanasubiri tangazo la bima liishe, na tangazo lenyewe hawalioni.

Kwenye kikapu jambo hili limeandikwa kabisa katika utaratibu wa mechi. Kwa wanaume, kila kipindi ni dakika 20, na mechi ikirushwa mubashara, mapumziko ya televisheni huja pale mpira unaposimama mara ya kwanza baada ya saa kufika dakika ya 16, ya 12, ya 8 na ya 4 zilizobaki. Kocha mzoefu haombi mapumziko yake saa ikisoma 12:20, hata kama vijana wake wamechoka hoi, kwa sababu anajua ya bure yako mlangoni. Yaani mbinu za kocha zimekwisha kujipanga kufuata matangazo.

Futiboli yao, ile ya kubeba mpira mikononi, nayo ni hivyo hivyo. Mpaka 2022 saa ilikuwa inasimama kila timu inapopata hatua mpya ya kwanza, yaani inapofanikiwa kuusogeza mpira yadi kumi. Kuanzia 2023 haisimami tena isipokuwa dakika mbili za mwisho za kila nusu. Ikaelezwa kwamba ni kwa ajili ya afya ya wachezaji na kufupisha mechi. Mashabiki wakalalamika, na naona walikuwa na haki: kilichopungua ni mchezo, matangazo yako vile vile. Mwaka uliofuata, 2024, kikaongezwa kisimamo kipya zinapobaki dakika mbili kila nusu iishe. Televisheni ikapata mahali pa uhakika pa kuweka tangazo.

Sasa, nani aliwapa televisheni nguvu hii? Tangu miaka ya 1950, NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ndicho kilichokuwa kinaamua mechi ngapi za futiboli zionyeshwe na chuo kipi kionekane mara ngapi. Walihofia kwamba watu wakiona mpira nyumbani viwanja vitabaki tupu. Vyuo vikubwa vilichoka na mpango huo. Oklahoma na Georgia wakaenda mahakamani, na mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwa majaji saba dhidi ya wawili kwamba NCAA inavunja sheria ya ushindani. Mmoja wa wale wawili waliopinga ni Jaji Byron White, ambaye mwenyewe alikuwa nyota wa futiboli chuo kikuu cha Colorado. Yeye alionya kwamba mkiiachia televisheni hivi, michezo ya vyuo itageuka biashara tupu. Ukisoma maoni yake leo unaona mzee alikuwa anatazama mbali.

Baada ya hapo kila konferensi ikawa na bidhaa yake ya kuuza. ESPN, iliyoanza Septemba 1979 kule Bristol, Connecticut, ilikuwa na saa 24 za kujaza, na michezo ya vyuo ilikuwa mingi na ya bei nafuu. Mdhamini wao mkubwa wa mwanzo kabisa ni Anheuser-Busch, wenye bia ya Budweiser. Kwa hiyo bia na michezo ya wanafunzi zimekaa sebule moja tangu siku ya kwanza.

Nitaendelea. Ulizeni.

---

Kigoma_Kwanza

Mkuu uzi mzuri. Lakini swali: hizi chaneli za konferensi zinaishi kwa matangazo tu? Maana huku kwetu chaneli ya michezo bila king'amuzi haiendi.

Mbuyuni_Ohio

Umegonga penyewe, mkuu. Matangazo ndiyo tunayoyaona, lakini kwa miaka mingi pesa kubwa ilitoka kwenye kebo. Kila nyumba yenye kifurushi ililipia chaneli, itazame isitazame.

Chukua Big Ten Network, chaneli ya Big Ten, konferensi ya Ohio State. Ilianza tarehe 30 Agosti 2007, konferensi ikishirikiana na kampuni ya televisheni ya Fox. Siku mbili baadaye, tarehe 1 Septemba, Appalachian State, timu ndogo ya milimani North Carolina, ikaifunga Michigan 34-32 nyumbani kwake. Michigan walikuwa nambari 5 nchini. Ni moja ya vipigo vya kushangaza kuliko vyote katika futiboli ya vyuo, na ilirushwa na chaneli yenye umri wa siku mbili. Kampuni nyingi za kebo zilikuwa bado hazijakubali kuibeba, Comcast ikiwemo, ambayo ina wateja wengi Michigan. Watu wakasikia habari bila kuona. Comcast walikuja kukubali katikati ya 2008.

Bei ndiyo ilikuwa ugomvi. Ndani ya majimbo ya konferensi, ada ilikuwa karibu dola moja kwa kila nyumba kwa mwezi. Nje ya hapo ni senti chache. Sasa fikiri kama mhasibu: ukiongeza chuo kimoja kwenye jimbo jipya lenye watu wengi, nyumba zote za huko zinapanda kutoka senti hadi dola. Ndiyo maana Novemba 2012 Big Ten ikawatangaza Maryland na Rutgers. Mmoja jirani na Washington, mwingine jirani na New York. Rutgers hawakuchukuliwa kwa ubora wa futiboli yao, hata mashabiki wao wanajua.

Nafasi za matangazo zenyewe zimegawanyika. Nyingi ni za kitaifa na zinauzwa na chaneli. Lakini kampuni ya kebo nayo hupewa kama dakika mbili kila saa iuze kwa wafanyabiashara wa pale pale. Ndiyo maana unaona tangazo la gari la nchi nzima, linafuatiwa na wakili wa ajali wa mtaani, halafu muuza magodoro wa Columbus anapiga kelele. Hizo za mtaani nazipenda. Zinakuonyesha ni nani hasa anatazama: mwenye nyumba, mwenye gari, mwenye mgongo unaouma.

---

Iten_Daima

Ndugu, hapa Kenya sisi tunawafuata wakimbiaji. Edward Cheserek alikuwa Oregon, akachukua mataji 17 ya NCAA. Mbona yeye hatukumwona kwenye TV kama hao wa futiboli? Hakuna mtu anataka kulipia tangazo kwa mbio za nyika?

Mbuyuni_Ohio

Ndugu yangu wa Iten, swali lako linauma kwa sababu jibu ni ndiyo, karibu hakuna.

Na Oregon ya Cheserek ilikuwa Pac-12, konferensi iliyojaribu kufanya tofauti. Pac-12 Networks ilianza Agosti 2012, na vyuo vyenyewe viliimiliki kwa asilimia mia. Hawakutaka mbia kama Fox wala ESPN. Walikuwa na chaneli moja ya kitaifa na sita za kanda, na walirusha kila kitu: voliboli, polo ya majini, mieleka, jimnastiki ya wanawake, riadha. Kwa mtu anayependa michezo kwa ajili ya michezo, ilikuwa chaneli nzuri kuliko zote, na nasema hivyo nikiwa mtu wa Big Ten.

Lakini DirecTV, kampuni kubwa ya televisheni ya satelaiti, hawakuibeba hata siku moja. Bila nyumba hizo, ada ikawa ndogo. Watazamaji wakawa wachache, na watazamaji wakiwa wachache tangazo halina bei. Ukiitazama usiku ulikuwa unaona tangazo lile lile linarudi mpaka unalikariri, au wanajaza nafasi kwa kuitangaza chaneli yenyewe. Mwenye kuuza nafasi anapokosa mnunuzi, anajitangaza mwenyewe.

Juni 2022 USC na UCLA, vyuo viwili vya Los Angeles, wakatangaza kwamba wanahamia Big Ten. Wengine wakafuata mlango uliokuwa wazi. Tarehe 30 Juni 2024 Pac-12 Networks ikazimwa. Siku hiyo hiyo ikaisha pia Longhorn Network ya chuo kikuu cha Texas, ambayo ESPN ilikuwa imeahidi dola milioni 300 kwa miaka 20 kuanzia 2011. Chuo kimoja kuwa na chaneli yake peke yake! Wenzake kwenye konferensi ya Big 12 walichukia, na Texas A&M ni miongoni mwa waliohama. Mwishoni Texas wenyewe nao wakahamia konferensi ya SEC.

Kwa hiyo leo mkimbiaji wa UCLA anayecheza konferensi ya Big Ten anaruka kama saa tano angani kwenda kushindana kwa Rutgers, New Jersey. Ukiuliza kwa nini, fuata tangazo la wakati wa mechi ya futiboli, utapata jibu. Mwanariadha yule hana hata nafasi moja iliyouzwa kwa jina la mchezo wake, lakini ndiye anayelala uwanja wa ndege.

---

Bi_Mkora_Tanga

Mwanangu, mimi nina swali la mzazi. Hao ni wanafunzi. Wanaruhusu vipi bia na kamari kwenye michezo ya wanafunzi?

Mbuyuni_Ohio

Shikamoo bibi. Swali lako limewasumbua hata wao.

Kwenye mashindano ya ubingwa ya NCAA kumekuwa na kanuni: kinywaji kisizidi kilevi cha asilimia 6, na matangazo yake yasizidi sekunde 60 kwa kila saa ya kurusha. Yaani tangazo moja la dakika au mawili ya nusu dakika. Big Ten Network ilipoanza ilisema haitapokea kabisa tangazo la pombe wala la kamari. Mechi za kawaida za msimu zinazorushwa na mitandao mikubwa zina uhuru zaidi, na bia utaiona.

Kamari ndiyo iliyonitia hofu mimi. Mei 2018 Mahakama ya Juu iliondoa zuio la kitaifa, kila jimbo likawa na hiari ya kuruhusu ubashiri wa michezo. Miaka michache tu, vyuo vyenyewe, vya serikali, vikaanza kusaini mikataba na kampuni za kubashiri. Colorado walifanya hivyo 2020, LSU (chuo cha jimbo la Louisiana) na Michigan State wakafuata. Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza hawajatimiza miaka 21, na majimbo mengi hayaruhusu kubashiri chini ya umri huo. Kelele zikapigwa. Machi 2023 chama cha kampuni za kamari wenyewe kikabadilisha miongozo yake kuzuia ushirikiano wa namna hiyo na vyuo, na mikataba ikaanza kuvunjwa. Matangazo kwenye mechi bado yapo, lakini chuo kuwapigia debe wanafunzi wake wabashiri kulikomeshwa.

Bibi, kuna kingine kitakushangaza. Kwenye mashindano ya kikapu ya Machi, mdhamini mkuu wa vinywaji amekuwa Coca-Cola, na hakuna nembo ya mpinzani inayoruhusiwa kuonekana. Wanafunika matangazo ya kudumu ya uwanja kwa vitambaa. Mwandishi wa habari akija na kikombe chake cha kahawa, mlinzi anamwambia amimine kwenye kikombe cha mashindano ndipo apite. Kocha akiketi mbele ya kamera, kikombe kile kile kiko mezani kwake. Mkataba wa kurusha mashindano hayo wa kampuni za televisheni CBS na Turner uliosainiwa 2010 ulikuwa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14, kisha 2016 wakaongeza mpaka 2032 kwa bilioni 8.8 nyingine. Kwa pesa hiyo wanahesabu hata vikombe.

Bi_Mkora_Tanga

Marahaba mwanangu. Na vyuo vyenyewe havijitangazi masomo? Au ni mpira tu?

Mbuyuni_Ohio

Vinajitangaza, na hapo ndipo moyo wangu ulipo. Kwa desturi mkataba wa kurusha mechi unavipa vyuo vinavyocheza nafasi ya sekunde 30 kila kimoja, bure. Utaijua mara moja. Msichana amevaa miwani ya maabara, anamimina kitu cha bluu. Profesa na wanafunzi wawili wanatembea chini ya miti yenye majani mekundu. Mtu anapiga fidla. Drone inapanda juu ya mnara wa saa, sauti nzito inasema kitu kuhusu kesho, kisha nembo.

Matangazo hayo yanafanana kiasi kwamba ungebadilisha nembo hakuna atakayegundua. Hata hivyo sijawahi kuzima sauti yakija. Ni sekunde hizo pekee katika saa zaidi ya tatu ambapo chaneli inakukumbusha kwamba hawa wako shule. Na sekunde hizo hazikununuliwa. Ilibidi ziandikwe kwenye mkataba, maana sokoni zisingeshinda bima na malori. Mzazi kama wewe, ningekushauri uzitazame vizuri kuliko mechi.

---

Kigoma_Kwanza

Turudi kwa wachezaji mkuu. Siku hizi nasikia wanalipwa. Ilikuwaje?

Mbuyuni_Ohio

Nitafupisha, ni hadithi ndefu. Makocha walianza kulipwa na kampuni za viatu tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, Nike ikiongoza. Mchezaji aliyevaa kiatu hakupata kitu. Mwaka 2009, mwaka ule ule wa Thabeet, Ed O'Bannon, bingwa wa kikapu wa 1995 akiwa na UCLA, aliishtaki NCAA baada ya kujiona ndani ya mchezo wa kompyuta: mwili wake, namba yake, mkono wake wa kushoto, bila jina na bila malipo. Jaji Claudia Wilken akampa ushindi 2014. Juni 2021 Mahakama ya Juu, majaji wote tisa, ikaibana NCAA kwenye kesi ya Alston, iliyohusu mipaka ya manufaa ya kimasomo wanayopewa wachezaji. Tarehe 1 Julai 2021 wachezaji wakaruhusiwa kuuza jina na sura zao.

Kilichofuata kilinifurahisha sana. Nebraska walikuwa na mchezaji anaitwa Decoldest Crawford, jina linalosikika kama "the coldest", yaani wa baridi kuliko wote. Kampuni ya viyoyozi ya Omaha ikamweka kwenye tangazo mwaka 2022, na nani angefaa zaidi? Caitlin Clark, mchezaji wa kikapu wa Iowa, akasaini na kampuni ya bima ya State Farm 2023 akiwa bado anasoma. Kwa hiyo ulikuwa unamwona anafunga kutoka katikati ya uwanja, mpira unasimama, na kwenye tangazo ni yeye tena. Aprili 2024 fainali yake dhidi ya South Carolina ilitazamwa na watu wapatao milioni 18.9, ikaipita fainali ya wanaume ya mwaka ule iliyokuwa chini ya milioni 15. Wanunuzi wa nafasi waliokuwa wakiambiwa kwamba kikapu cha wanawake hakiuziki, wakanyamaza.

Lakini sasa ndipo tunafika kwa watoto wetu. Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ndicho lugha ya mtaani. Msimu wa 2021/22 akiwa Kentucky alidaka wastani wa ribaundi (mipira inayorudi baada ya kukosa kikapu) 15.1 kwa mechi, jambo ambalo halikuonekana kwa zaidi ya miaka arobaini, na akazoa tuzo za mchezaji bora wa taifa. Kentucky nzima ilikuwa inamtaka kwenye matangazo. Hakuweza. Alikuwa na viza ya mwanafunzi, F-1, ambayo inaruhusu kazi ndani ya chuo kwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kazi ya nje kwa kibali maalumu tu. Tangazo ni kazi. Ukilifanya kwenye ardhi ya Marekani bila kibali unahatarisha kukaa kwako.

Wakafanya nini? Agosti 2022 Kentucky walikwenda Bahamas kucheza mechi za kirafiki, SEC Network ikazirusha. Muda ambao wenzake walikuwa wanapumzika, Oscar alikuwa anafanya kazi za matangazo kule visiwani, kwa sababu pale hakuwa kwenye ardhi ya Marekani. Mchezaji bora wa nchi nzima ilibidi avuke bahari ili apige picha.

---

Mwana_Katuba

Bandugu, miye niko wa Lubumbashi. Oscar huku kwetu iko mutoto wa nyumba. Ile habari ya Bahamas tulisikia, watu wengi walifurahi, wengine walikasirika. Walikuwa naona sura yake kila siku ku televizyo, na yeye hawezi kutia sahihi ku karatasi ya duka.

Mbuyuni_Ohio

Asante sana ndugu. Na hakuwa peke yake. Zach Edey wa Purdue, Mkanada, alikuwa mchezaji bora wa taifa 2023 na 2024. Big Ten Network ilimwonyesha asubuhi, mchana na jioni, lakini viza ilimfunga vile vile. Mwenzake Mmarekani anayekaa benchi angeweza kutangaza baga za mtaani, yeye asiweze.

Kawempe_Boy

Msimsahau Khaman Maluach. Ni wa Sudan Kusini lakini amekulia huku Kawempe, Kampala, tulimwona anaanza kikapu hapa hapa. Tarehe 5 Aprili 2025 chuo chake, Duke, wanacheza nusu fainali San Antonio, na siku hiyo hiyo serikali ya Marekani inatangaza kufuta viza zote za wenye pasipoti za Sudan Kusini. Mtoto alicheza hivyo hivyo.

Mbuyuni_Ohio

Niliitazama mechi ile, ndugu. Houston walishinda 70-67. Kila mapumziko yalipofika nilikuwa siwazi tangazo, nawaza yule kijana anasikiliza vipi maelekezo ya kocha kichwani mwake kukiwa na hilo. Hewani mapumziko yalikwenda kwa ratiba yao, sekunde zile zile.

Juni 2025 Jaji Wilken yule yule aliidhinisha makubaliano ya kesi ya House, ambamo wachezaji walidai malipo yao. Takriban dola bilioni 2.8 zinalipwa kwa wachezaji wa miaka ya nyuma, na vyuo vinaruhusiwa kugawa moja kwa moja kwa wachezaji wao hadi takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, msimu wa 2025/26. Pesa za televisheni hatimaye zinamfikia anayetokwa jasho. Ila makubaliano hayo hayakugusa sheria ya viza, kwa sababu viza si kazi ya NCAA wala ya jaji huyo.

---

Mzazi_Mwanza

Kaka, nimesoma uzi wote kimya. Kijana wangu ana miaka 17, mita 2.06, na kuna chuo kimeonyesha nia. Kuna mtu ananipigia simu anasema atamtafutia "dili za matangazo" akifika tu. Nifanye nini?

Mbuyuni_Ohio

Hongera mzee wangu, na usisaini chochote na huyo mtu wa simu.

Andikia chuo barua pepe, waombe wakuunganishe na ofisi yao inayoshughulikia wanafunzi wa kigeni. Si kocha. Kocha anataka mtoto acheze. Ofisi ile ndiyo inayotunza hati zake za F-1 na ndiyo itakayowajibika zikiharibika. Waulize mambo haya kwa maandishi: mgawo wa mapato wa chuo wanawalipa wachezaji wa kigeni au la, na kama wanawalipa, wanauhesabu kama nini. Picha yake ikitumika kwenye jezi au bango la chuo bila yeye kufanya kazi yoyote, inachukuliwaje. Akiwa likizo Mwanza akapiga tangazo la kampuni ya Tanzania, wanataka taarifa gani. Na nani analipa mwanasheria wa uhamiaji likitokea tatizo.

Halafu mwambie kijana mwenyewe: hata kuposti kiatu kwenye simu yake kwa malipo, akiwa Marekani, inaweza kuhesabiwa kazi. Wenzake Wamarekani watakuwa wanafanya hivyo chumbani humo humo, na yeye ataona ni jambo dogo. Alijue hili kabla hajapanda ndege.

Wakikujibu, futa majina uyaweke majibu hapa. Kuna wazazi wengine humu wanayahitaji, na Mwana_Katuba anaweza kutuulizia huko Lubumbashi walivyofanya.